Dondoo muhimu: Kumvusha Ida bila haraka

Monument Valley, mchezo wa simu uliotolewa na ustwo games ya London mwaka 2014, hauna saa ya kumkimbiza mtu wala adhabu ya kukosea. Mchezaji humwongoza binti mfalme Ida, mwenye kofia nyeupe iliyochongoka, katika majengo ya ajabu yaliyochota mtindo wa msanii Mholanzi M. C. Escher.

• Macho kwanza, hesabu baadaye. Njia mbili zilizotengana zikionekana kugusana kwenye kioo cha simu, basi zimeungana kweli, na Ida hupita.

• Mpini wa kuzungushia sehemu za jengo ukijikunja na kukataa kuzunguka, mara nyingi Ida amesimama juu ya sehemu inayosogea. Asogezwe kwanza.

• Kunguru weusi hawaui. Huziba njia na kupiga kelele tu.

• Totemu, nguzo ya manjano yenye jicho moja, huburutwa kwa kidole na kugeuka ngazi au daraja la Ida.

• Sauti isizimwe: kila kipande kinachozungushwa hutoa mlio wake wa muziki.

• Sura za awali ni 10 tu. Anayezimaliza jioni moja ana toleo la pili la mwaka 2017, la mama Ro na mwanawe.