Chumvi kwenye chungu cha Proctor

Tamthilia ya Arthur Miller, The Crucible, ilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza New York tarehe 22 Januari 1953. Inasimulia kesi za uchawi za Salem, Massachusetts, za mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa na mzee mmoja akakandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Wanaoisoma darasani au kuiigiza hukwama mahali pamoja: nani anataka nini kwa nani, na kwa nini? Maswali ya wasomaji tumeyapeleka kwa mwalimu wa tamthilia ambaye ameifundisha na kuiongoza jukwaani mara kadhaa.

Mwalimu, wahusika ni wengi na majina yanachanganya. Nianzie wapi?

Usianze na majina, wala usianze na swali la nani anaamini uchawi. Karibu wote wanauamini. Kila anayeingia jukwaani, jiulize anaogopa kupoteza nini.

Mchukue Mchungaji Parris. Binti yake Betty kalala haamki, na yeye hoja yake kubwa ni kijiji kitasemaje. Anagombania kuni, anataka hati ya nyumba ya kanisa iwe kwa jina lake, na alihubiri habari za vinara vya dhahabu mpaka wakamnunulia. Mwishoni anaomba adhabu ziahirishwe. Ukisoma haraka utadhani roho imemlainika. Kumbe mpwa wake Abigail ametoroka na pauni 31 zake, na alipofungua mlango wa nyumba yake kisu kilianguka miguuni pake.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Abigail ni mbaya tu, au kuna sababu?

Marahaba, mwanangu. Mbaya anakuwa, hilo halina ubishi. Anajidunga sindano tumboni ili mwanasesere aliyekutwa nyumbani kwa Elizabeth Proctor awe ushahidi wa kumnyongea mama wa watu.

Ila hesabu kwanza alichonacho. Ni yatima, wazazi wake waliuawa mbele ya macho yake. Anaishi kwa mjomba anayemwona mzigo. Alikuwa msichana wa kazi kwa akina Proctor, mama mwenye nyumba akamfukuza, na kwa miezi saba hakuna nyumba nyingine iliyomwita. Ana miaka 17. Mwenye nyumba, John Proctor, mume wa mtu, amepita miaka 30, na alilala naye kwenye banda la mifugo. Binti akaamini kwamba mke akiondoka, nafasi ni yake. Sisi tuliokulia kwenye nyumba zenye wasichana wa kazi tunaijua hadithi hii bila kusoma Miller.

Sasa nikuambie jambo ambalo vitabu vya mwongozo hulipitia haraka. Abigail Williams wa kwenye historia alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12, na John Proctor alikuwa mzee wa karibu miaka 60. Mapenzi yao ni ya kubuni, na Miller hakuficha kwamba umri wa Abigail aliuongeza. Mbegu aliiokota kwenye kumbukumbu za kesi: mtoto yule aliinua ngumi ampige Elizabeth, ngumi ikafunguka hewani, vidole vikagusa kofia ya mama taratibu sana, halafu akapiga ukelele kwamba vinaungua. Miller alijiuliza mkono ule uliogeuka katikati ya njia ulikuwa umebeba nini, na jibu lake ndilo tamthilia.

Ubunifu huo naukubali. Nisichokubali ni hesabu ya mwisho: Proctor anapewa kifo chenye heshima, msichana anatoroshwa nje ya jukwaa na mfuko wa pesa, bila hata sentensi moja ya kujieleza. Hapo mtunzi alimpendelea mwanamume mwenzake.

Kwa hiyo uhusiano mkuu wa tamthilia ni wa Proctor na Abigail?

Hapana. Ni wa Proctor na mkewe. Filamu ya 1996 ilianza na wasichana kucheza msituni usiku, na tangu hapo watu hukumbuka msitu. Mimi huwapeleka wanafunzi jikoni.

Sehemu ya pili inaanza kimya. Proctor anarudi kutoka shambani jioni. Elizabeth yuko ghorofani, tunamsikia akiwaimbia watoto. Chungu kiko motoni. Proctor anaonja, uso unaonyesha hajaridhika, anachukua chumvi kidogo kwa vidole, anatia. Hakuna aliyemwona isipokuwa sisi. Elizabeth anashuka, anampakulia nyama ya sungura, naye anakula na kusifu kwamba imekolea. Mke anaona haya kwa furaha; anasema aliipika kwa uangalifu sana.

Ndoa nzima imo humo. Mume anataka kumpendeza mkewe, na njia anayoijua ni kuficha. Anakwenda kumbusu, Elizabeth analipokea lile busu kama mtu anayepokea risiti. Dakika chache baadaye, wakizungumza habari za Abigail, inamponyoka Proctor kwamba siku ile walikuwa wawili peke yao, wakati alishamwelekeza mkewe aamini kulikuwa na watu. Uso wa Elizabeth unafunga. Chumvi ilipita, hili halikupita. Ugomvi unaofuata hauhusu uchawi hata kidogo, na kama isingekuwa uchawi wangegombana vilevile mwaka mzima.

Miller alisema baadaye kwamba alipokuwa akiandika, ndoa yake mwenyewe ilikuwa inayumba. Waliachana na mkewe wa kwanza 1956.

Kwa nini mwanamke asiyesema uongo adanganye mahakamani, tena siku ambayo ukweli ungewaokoa?

Kwa sababu anampenda, na kwa sababu hajui mume ameshakiri uzinzi dakika chache kabla. Jaji Danforth anawaamuru Proctor na Abigail wageuze migongo, kisha anamuuliza Elizabeth kwa nini alimfukuza msichana. Elizabeth hana pa kusoma jibu ila mgongo wa mumewe. Anapindapinda maneno, anabanwa, mwishowe anakana kwamba mume wake ni mzinzi. Proctor alikuwa amewaapia kuwa mkewe hajapata kusema uongo maishani. Basi uongo wake wa kwanza unaaminiwa kama ukweli.

Nawaambia waigizaji: mgongo wa Proctor ndio unaoigiza pale. Usiutikise sana.

Katika sehemu ya mwisho Elizabeth anajilaumu, anasema nyumba aliyoitunza ilikuwa ya baridi, kana kwamba dhambi ya mume ilianzia kwake. Wanafunzi wangu wa kike hukasirika kila mwaka. Nawaunga mkono nusu. Nusu nyingine ni kwamba mume anakwenda kufa, na anayesema vile ni mke anayetafuta cha kumpa.

Thomas Putnam ana ugomvi gani na kila mtu?

Ardhi. Ana madai ya mipaka kila upande, na shemeji yake aliwahi kunyimwa uchungaji wa kijiji. Mzee Giles Corey anaileta hoja mahakamani waziwazi: mtu akinyongwa kwa uchawi mali yake inachukuliwa, na hapo kijijini mwenye fedha za kununua shamba kubwa kama hilo ni Putnam peke yake. Corey anakataa kumtaja aliyemweleza, na kwa kukataa huko anakamatwa; chini ya mawe anafikishwa baadaye, kwa kukataa kujibu shitaka lake.

Lakini mtazame mkewe Putnam pia, maana yeye si mroho. Amezaa watoto wanane, amezika saba. Mkunga wao Osburn anatajwa, kisha anatajwa Rebecca Nurse, bibi mwenye watoto 11 na wajukuu 26 ambao wote wanaota kama mahindi. Mama yule anahitaji mtu wa kulaumiwa ili usiku alale. Kati ya wanaoshitaki wenzao humo ndani, ndiye pekee ninayemwonea huruma kamili.

Tituba je?

Tituba ndiye wa kwanza kuelewa mchezo. Ni mtumwa, bwana wake Parris anatishia kumpiga mpaka afe, Putnam anataka anyongwe. Anakiri. Tena anajifunza papo hapo kwamba haitoshi kukiri, lazima utaje. Katika Salem halisi ilikuwa hivyohivyo: waliokiri na kushikilia maneno yao hawakunyongwa, walionyongwa ni waliokataa. Tituba mwenyewe alikaa kifungoni zaidi ya mwaka, akatoka mtu mwingine alipolipa gharama za gereza, kwa kuwa Parris hakutaka kulipa.

Mchungaji Hale anabadilika, Danforth habadiliki. Tofauti yao ni nini?

Hale alikuja na mzigo wa vitabu, akijiona daktari wa mashetani. Nyumbani kwa Proctor anamtahini amri kumi. Proctor anataja tisa, anarudia moja, anakwama, na mkewe ndiye anayemkumbusha ile ya uzinzi, polepole. Hale anayaona haya kwa macho yake, akiwa ndani ya nyumba ya watu. Danforth hajawahi kuingia nyumba ya mtu. Anaona karatasi tu, na karatasi zina saini yake: karibu watu 400 gerezani, 72 wamehukumiwa kufa. Hizo ni idadi za ndani ya tamthilia. Akikubali leo kwamba wasichana wanaoshitaki ni waongo, waliokwisha kunyongwa atawaeleza nini? Hofu yake ni hiyo. Hana ukatili wa kupenda damu, na mwigizaji akimfanya mkali wa kupiga meza anamharibu.

Kwa nini Proctor anatia saini karatasi ya kukiri uchawi halafu anaichana?

Kwa sababu ameombwa vitu vitatu, naye ana uwezo wa kutoa kimoja. Kusema uongo juu yake mwenyewe anaweza. Anajiona mchafu tayari. Kuwataja wengine anakataa. Kuacha karatasi yenye jina lake ibandikwe mlangoni pa kanisa anakataa, maana ana watoto watatu wa kiume watakaolibeba jina hilo.

Hapa Miller anazungumza na rafiki. Elia Kazan, aliyeongoza tamthilia zake mbili kubwa za 1947 na 1949, aliwataja wenzake mbele ya kamati ya bunge la Marekani iliyosaka wakomunisti, Aprili 1952. Miller alipitia kwake kabla ya kwenda Salem kusoma kumbukumbu. Miaka minne baadaye aliitwa yeye. Alijieleza, akakataa kutaja mtu. Akatiwa hatiani 1957, rufaa ikaifuta hukumu 1958.

Sisi wa Kanda ya Ziwa, Tanzania, tunasoma haya tukiwakumbuka vikongwe wetu waliouawa kwa kushukiwa uchawi. Ni jambo lile lile?

Sababu zinafanana mno: shamba, urithi, mtoto aliyekufa, bibi mwenye macho mekundu kwa miaka ya moshi wa jikoni. Anayetuma watu wa mapanga mara nyingi anakula naye chungu kimoja. Lakini tusichanganye. Salem iliua kwa jaji, kiapo na saini. Kwetu Sheria ya Uchawi iko tangu 1928, na kumwita mtu mchawi hadharani ni kosa kisheria. Muuaji anakuja usiku. Mwanafunzi akiandika insha ya kulinganisha, aanzie kwenye tofauti hiyo.

Kikundi chetu cha shule kinataka kuiigiza. Utushauri nini, Mwalimu?

Msianze mazoezi na tukio la wasichana wakipiga mayowe mahakamani. Kila kikundi hukimbilia kelele zile, na zikishazoeleka hakuna anayesikia tena mtu akinong'ona. Anzeni na sehemu ya pili, wawili tu, mume na mke, wiki nzima. Wakishaweza kukaa kimya mezani bila kuogopa kimya, waiteni wengine.

Na chungu kiwe na mchuzi kweli, wa moto. Walioketi mbele wanasikia harufu.