Fukusi Alaye Magugumaji

Kila mkulima amjua fukusi, mdudu mwenye pua ndefu atoboaye mahindi ghalani. Kwa hiyo si ajabu watu wakaao kando ya ziwa wakishangaa kusikia ya kuwa wako fukusi waliofugwa kwa kusudi, kisha wakatiwa majini. Yafaa kuuliza: je, wakiisha kula magugu, hawataingia mashambani mwetu? Swali hili ni la busara, nasi twataka kulijibu.

Kwanza tueleze habari za gugu lenyewe. Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika maji ya mto Amazon. Ua lake la zambarau ni zuri, na kwa ajili ya uzuri huo watu walilichukua nchi nyingi kupamba madimbwi ya bustani. Katika Ziwa Viktoria lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Mahali palipo na rutuba huweza kuongezeka mara mbili kwa majuma mawili. Likitanda kama jamvi, mashua haipiti, nyavu hazitegeki, samaki hukosa hewa, na konokono wa kichocho hupata makao.

Kwao Amerika gugu hili lina adui zake. Huku kwetu lilikuja peke yake. Hiyo ndiyo siri ya nguvu zake. Basi wataalamu walikwenda huko kutafuta adui hao, wakachagua fukusi wa aina mbili, urefu wao kadiri ya milimeta 5. Fukusi mkubwa hukwaruza majani usiku. Jike hutaga mayai ndani ya kikonyo cha jani, na funza wake hutoboa njia kushuka mpaka moyo wa mmea. Kisha hujifanyia kifuko katika mizizi iliyo majini, humo akageuka kuwa fukusi kamili. Maji na uozo huingia katika matundu yale. Mmea hudhoofika, na mwisho huzama.

Sasa twalijibu swali letu. Kabla ya kuachiliwa, wadudu hawa walijaribiwa kwa mimea mingine mingi. Baadhi waliionja, lakini hawakuweza kuendeleza kizazi chao ila katika gugumaji. Tena, bila mizizi iliyo majini funza hana mahali pa kujifanyia kifuko chake. Shamba la mahindi si kwao.

Huko Florida, Marekani, waliachiliwa tangu mwaka 1972. Katika Ziwa Viktoria waliachiliwa upande wa Uganda mwaka 1995, na upande wa Kenya na Tanzania mwaka 1997. Kabla miaka ya 1990 haijaisha, majamvi mengi yalikuwa yamepungua sana, ijapokuwa mawimbi na mvua kubwa za 1997 na 1998 zilisaidia pia.

Lakini mtu asidhani kazi ilikwisha. Tangu yai hata fukusi kamili hupita miezi mitatu hivi, na mbegu za gugu hukaa matopeni miaka mingi. Baada ya mvua kubwa za mwaka 2006, magugu yalitanda tena katika ghuba ya Winam. Fukusi hamalizi gugu, hulipunguza tu.

Kwa hiyo twawashauri machifu, waalimu na wanakijiji mambo manne. Msimwage dawa ya sumu majini, maana itaua fukusi na samaki pamoja. Mkiyang'oa magugu bandarini, yaacheni kando machache yenye fukusi, ili wapate kuzaana. Msiyachukue maua yake kupandwa katika madimbwi. Na mlime kwa kukingama mteremko, mkiyaacha mafunjo ya ukingoni, kwa kuwa udongo na mbolea vinavyochukuliwa na mvua ndivyo chakula cha gugu.

Nao waalimu wawaonyeshe watoto jani lenye madoa madogo ya rangi ya udongo. Madoa hayo ni alama ya kazi ya fukusi. Haba na haba hujaza kibaba.