Somo juu ya Uso Unaovimba Wakati wa Kipwa

Kila mwaka mvua inapokwisha, tangu mwezi wa 6 mpaka wa 8, sisi wauguzi katika milima hii ya Kivu tunaona wagonjwa wa namna moja. Wanakuja wakipiga chafya, macho mekundu, kope zimevimba, pua inatoa maji kama chemchemi. Wengi wao hawana ugonjwa mkubwa. Lakini mara moja moja anakuja mmoja ambaye uso wake wote umevimba hata watoto wake hawamtambui, na huyo anaweza kufa kabla jua halijazama. Yafaa ujue kuwatofautisha hao wawili, maana siku ile wewe utakuwa karibu naye, na mimi nitakuwa mbali.

Sikiliza kwanza habari ya mama mmoja. Sitataja jina lake wala kijiji chake.

Mama huyu alipata mafua kila kipwa. Alfajiri alipiga chafya mara kumi au zaidi, akajisugua macho mpaka yakawa mekundu. Mwaka mmoja muuza dawa sokoni alimpa vidonge vya ampisilini, naye akavimeza. Siku ile alitokwa na mabaka ya kuwasha ngozini, na kesho yake yakapotea. Alifikiri ni vumbi. Kipwa kilichofuata akanunua tena dawa ile ile. Jioni jirani yake alimletea sombe, wakaila na bugali, yeye na watoto wake wanne. Alipokwisha kula akameza vidonge viwili. Kabla nusu saa haijapita viganja vikamwasha, midomo ikavimba, macho yakafunga, sauti ikawa nzito kama ya mwanamume.

Watu wakapiga kelele: “Amepewa sumu! Ni karuho!” Wakamnywesha mafuta ya mawese ili atapike. Vijana wakaenda kwa yule jirani aliyeleta sombe, wakampiga, wakavunja mlango wake. Muda wa saa mbili ukapita hivyo. Ndipo mzee mmoja akasema wamlete hospitalini, wakambeba katika tipoyi. Alipofika kwetu pumzi yake ilikuwa inapiga filimbi. Tulimpiga sindano ya adrenalini pajani, na tena ya pili, tukamlaza usiku kucha tukimwangalia, kwa sababu uvimbe huu unaweza kushuka kisha ukarudi baada ya saa kadhaa. Asubuhi aliomba uji.

Nilipomwuliza mume wake, “Baba, mama alikula nini? Alimeza nini? Ameumwa na mdudu gani?” yeye alitaja sombe tu. Vidonge havikumjia katika mawazo, kwa kuwa ni dawa, na kwake dawa haiwezi kumdhuru mtu. Tulivikuta vimefungwa katika pembe ya kitenge cha mama.

Sasa fikiri pamoja nami. Watoto wanne walikula katika chungu kile kile, na hakuna hata mmoja aliyeumwa tumbo. Kama sombe ile ingekuwa na sumu, wadogo wangeanguka kwanza, maana mwili wa mtoto hushindwa upesi kuliko wa mtu mzima. Tena mwaka uliotangulia vidonge vile vile vilimtoa mabaka, na siku ile hakuna jirani aliyemletea kitu.

Ugonjwa huu huitwa mzio. Wengi wetu husema alerji, kama Wafaransa. Jina hilo la alerji lilitungwa mwaka 1906 na munganga wa Austria, Clemens von Pirquet. Mwili wako una walinzi wanaopigana na vijidudu vya magonjwa. Ni kazi njema, bila wao hatungeishi. Lakini walinzi wa watu wengine hukosea. Wanaona mbuzi ameingia kijijini, wanapiga ngoma ya chui, na kijiji kizima kinatoka na mikuki. Yule mbuzi hana kosa. Hasara inatokana na ile mikuki. Ndiyo maana kitu kimoja kinamwangusha mtu mmoja na ndugu zake wanakila kwa furaha: karanga, mayai, samaki, hata viwavi na kumbikumbi. Na mara ya kwanza mara nyingi mwili unakaa kimya, au unaonyesha mabaka kidogo tu. Walinzi wanajifunza sura ya yule mgeni. Akirudi, ndipo vita.

Mzio hauambukizi. Unaweza kumsalimu mgonjwa, kula naye na kulala naye. Lakini hupatikana sana katika jamaa moja: baba ana pumu, mtoto ana ngozi ya kuwasha, shangazi anapiga chafya kila kipwa.

Basi turudi kwenye chafya za kipwa. Mvua zinapoelekea kwisha, majani hutoa maua, na unga wake mwembamba, unaoitwa chavua, huruka na upepo. Kisha njia zinakauka, vumbi linaingia nyumbani, watu wanachoma mashamba na moshi unajaa bondeni. Pua yenye mzio haipumziki. Mafua ya kawaida huleta homa na maumivu ya mwili, na kwa watu wengi hupungua baada ya juma moja. Mafua ya mzio hayana homa. Yanawasha sana, kamasi yake ni maji matupu, yanaendelea majuma mengi, na mwaka ujao yanarudi wakati ule ule. Ampisilini haisaidii kwa mzio, wala kwa mafua ya kawaida. Yule mama alinunua hatari yake kwa fedha, kwa ugonjwa usiohitaji dawa ile.

Fanya hivi. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Anika mkeka na blanketi juani, uvikung’ute mbali na nyumba. Nawa uso jioni ukitoka shambani, na usisugue macho. Kitambaa cha maji baridi kitatuliza kope. Osha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kimoja na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ikizidi, njoo utapewa kidonge cha mzio kama setirizini au klorofeniramini. Hii ya pili inaleta usingizi, kwa hiyo ukiimeza usiendeshe pikipiki. (Nimemshona kichwa kijana aliyenicheka kwa neno hilo.)

Ndugu wa Uvira na bonde la Ruzizi wana jambo lingine, ni utomvu wa embe. Mtoto anamenya embe kwa meno, na baada ya siku moja au mbili midomo na kope zinavimba na kutoka malengelenge. Si kurogwa. Mwoshe, na tangu hapo mummenyee embe kwa kisu.

Lakini usidhani kila uso uliovimba ni mzio. Uvimbe wa upande mmoja, wenye moto na maumivu, mara nyingi ni jino. Mtoto akiamka na uso uliojaa usiowasha, mkojo ukawa kidogo au wa rangi ya chai, ni mafigo yake. Pengine alikuwa na vidonda vya ngozi au vya koo majuma machache kabla. Bonyeza mfupa wa mguu kwa kidole: shimo likibaki, mlete, kwa maana inaweza kuwa mafigo au ukosefu wa chakula cha kujenga mwili. Mama mwenye mimba anayevimba uso na kuumwa kichwa sana, au kuona kama nyota machoni, asingoje siku ya kliniki. Aje leo, hata usiku. Na wewe unayemeza dawa ya presha kama enalaprili au kaptoprili, ujue kwamba inaweza kuvimbisha midomo na ulimi hata baada ya miezi mingi ya kuimeza salama. Ikitokea, usimeze kidonge kingine kabla hujaonwa na munganga.

Hizi ndizo dalili za kukimbia: uso umevimba, na pamoja nao ulimi au koo, sauti imebadilika, pumzi inapiga filimbi, mate hayamezeki, mtu anatapika, anazirai au anakuwa baridi. Yaweza kuja dakika chache baada ya chakula, kidonge, sindano au nyuki. Usimnyweshe kitu, wala mawese, wala maziwa, maana koo linafunga na kitu kitaingia mapafuni. Asikatwe kile kinyama kidogo cha kooni. Akiona kizunguzungu mlaze, miguu juu. Akikosa pumzi mwache akae, lakini asisimame wala asitembee. Mchukueni upesi mahali penye adrenalini. Kidonge cha mzio hupunguza kuwasha tu, hakifungui koo. Chukueni pia karatasi ya kila dawa aliyoimeza, na mabaki ya chakula.

Najua katika nyumba zetu swali la kwanza ni “Nani anamchukia?” Wanafunzi wa Bwana Yesu nao walianza hivyo walipomwona kipofu, wakatafuta mwenye kosa, soma Yohana sura ya 9. Muda ule wa saa mbili uliopotea kwa kumpiga jirani ulikaribia kumwua mgonjwa. Mimi sikuwaambia vijana wale maneno mengi. Niliwaonyesha vidonge, nikawaeleza habari ya mabaka ya mwaka wa kwanza. Wawili walikwenda kutengeneza mlango. Yule mama jirani aliwapokea, akawapa viti, lakini mpaka leo hapeleki tena chakula nyumbani kwa mtu.

Kadi ya mgonjwa tuliandika kwa wino mwekundu: asipewe penisilini wala ampisilini wala amoksisilini. Anaibeba sokoni, na kabla ya kupigwa sindano yoyote anaionyesha. Wewe uliyewahi kutokwa na mabaka baada ya dawa, njoo na jina la dawa hiyo tukuandikie vilevile.

Maulizo

1. Taja tofauti tatu za mafua ya mzio na mafua ya kawaida.
2. Kwa nini yule mama hakuvimba uso mwaka wa kwanza?
3. Mtoto wako ameamka na uso uliovimba, hajikuni. Utamwuliza nini, na utatazama nini?
4. Katika kijiji chenu, adrenalini iliyo karibu iko wapi, na nani atabeba tipoyi usiku?