Ukiweka Mtindo Wako, Pandoc Inauondoa wa Kwake

Wengi wetu tunaokwenda mazoezi ya kufundisha tunaandaa notsi kwenye kompyuta, lakini mwanafunzi atazisoma kwenye simu, mara nyingi ya mzazi. Chukua notsi za Jiografia kuhusu bonde la Kilombero: kilimo cha mpunga Ifakara, jedwali la misimu, na ramani ya mto ukipita kati ya milima ya Udzungwa na Mahenge hadi kuungana na Luwegu na kuwa Rufiji. Ili zisomeke bila bando, unazigeuza kuwa ukurasa wa HTML.

Pandoc ni programu ya bure inayofanya kazi hiyo. Aliianzisha John MacFarlane mwaka 2006, naye ni mwalimu wa falsafa huko Berkeley, Marekani. Falsafa jamani, siyo kompyuta! Unaandika amri hii:

pandoc notsi.md -s -o notsi.html

Hiyo -s inaagiza ukurasa kamili. Kwenye matoleo ya miaka ya karibuni, ukurasa huo unakuja na mtindo wa chaguo-msingi: mistari haiwi mirefu kupita kiasi, pembeni kunapungua kwenye kioo kidogo, na picha haizidi upana wa kioo.

Sasa unataka vichwa vya habari viwe vya kijani tu. Unaandika faili lako la CSS lenye mstari mmoja, unaongeza --css=mtindo.css. Vichwa vinakuwa kijani kweli, ila ramani inatoka nje ya kioo, Udzungwa inaonekana na Mahenge haionekani. Kumbe ukishataja faili lako, Pandoc inachukulia kwamba mapambo yote umeyabeba wewe, hivyo inaondoa sehemu kubwa ya mtindo wake. Haikupi onyo lolote, maana kwake hilo siyo kosa.

Kuurudisha, ongeza -M document-css=true. Mtindo wake unatangulia, wako unafuata, kwa hiyo mkigongana unashinda wako.

Bado kuna WhatsApp. Faili la CSS liko pembeni, na ukurasa unaliita kwa jina tu. Ukituma notsi.html peke yake, mwanafunzi anapata ukurasa usio na kijani wala ramani. Weka --embed-resources, vyote viingie ndani ya faili moja. Litakuwa zito, kwa hiyo punguza ukubwa wa ramani kabla ya kugeuza.