Usiguse Ruta Kabla Hujaijua Njia

Mambo ya kufanya na kutofanya kwa wanaoshika mitandao ya ofisi, vituo vya afya na maduka, kuanzia Ushetu mpaka Geita

Nimefunga na kufungua mitandao kati ya Nyamilangano na Katoro kwa miaka ya kutosha kuchoka. Kazi yenyewe hainichoshi. Kinachonichosha ni kupandishwa pikipiki alfajiri, nile vumbi mpaka ofisini kwenu, nikute waya umechomoka. Mnaharibu kwa mikono yenu halafu lawama mnaupelekea mnara. Kama unashika koleo la waya na haya huyajui, liweke chini kwanza usome.

FANYA: Ichore njia kwenye karatasi

Kabla hujagusa kitu, chora pakiti inapita wapi. Nikisema pakiti sina maana ya bando unalonunua kwenye simu. Nina maana ya kipande cha data. Barua yako, picha yako, malipo ya mgonjwa, vyote hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida visivyozidi baiti 1,500. Kila kipande hubandikwa anwani ya kinakotoka na ya kinakokwenda, kisha kinaachiwa. Kikipotea njiani, kinatumwa tena. Vikifika, vinapangwa upya.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi mnapopotea. Ruta haijui njia nzima. Nenda stendi ya Kahama uulize gari la Ulowa. Mpiga debe hatakuchorea ramani, atakwambia, "Panda ile ya Nyamilangano, ukifika uliza." Unafika, unauliza, unaonyeshwa nyingine. Hakuna aliyekupa safari yote, na bado utalala Ulowa. Ruta ni yule mpiga debe. Ina daftari lake: anwani za namna hii mpe jirani huyu, za namna ile mpe yule, na zozote nisizozijua mpe huyu wa mwisho. Huyo wa mwisho ndiye lango lako la nje, na kwenye ofisi nyingi za huku ndiye jirani pekee aliyepo. Akifa yeye umefungiwa ndani, hata kama Dar es Salaam nzima inapepea.

Pakiti pia ina umri. Kompyuta nyingi huipa 64 au 128, na kila ruta inayoipitisha hupunguza moja. Ikifika sifuri inatupwa, na ruta iliyoitupa humwarifu mwenyewe. Bila hivyo, ruta mbili zilizoelekezana vibaya zingerushiana pakiti ile ile milele. Amri ya tracert kwenye Windows inatumia ujanja huo huo: inatuma pakiti zenye umri wa moja, mbili, tatu, na kila ruta inayoiua moja inajitaja. Ndiyo njia yako hiyo, mstari kwa mstari. Ukiona nyota tu, usikimbilie kusema njia imekatika pale. Ruta nyingine zinapitisha mizigo bila kujibu salamu.

Pima kuanzia karibu. Kwanza lango lako. Likijibu, pima namba ya mbali, kwa mfano 8.8.8.8. Ikijibu, pima jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likagoma, intaneti yako ni nzima. Kilichokufa ni DNS, lile daftari linalogeuza majina kuwa namba. Usimpigie mtoa huduma ukimwambia "mtandao umekata". Mwambie kipi kimejibu na kipi kimekataa. Atakuheshimu.

USIFANYE: Usibonyeze kile kitufe cha kitunduni

Kuzima na kuwasha ni jambo moja. Kuchokonoa kitundu cha nyuma ya ruta ni jambo jingine kabisa: unafuta kila kitu ilichofundishwa.

Chama kimoja cha msingi huku kwetu, siku ya soko la tumbaku, mtandao ulikuwa unasuasua. Karani akachomoa hereni sikioni, akabonyeza, akahesabu mpaka kumi kama alivyoona kwenye video. Ruta ikaamka mpya kama mtoto mchanga. Jina na nenosiri la huduma vilikuwa vimefutika, na fundi aliyeviingiza alishahamia Mwanza, simu haipatikani. Siku mbili. Wakulima wamelalia marobota yao uani, na tumbaku ikikaa inakauka, inapoteza uzito. Ubovu wenyewe? Kichwa cha waya kilikuwa kimelegea. Nilikisukuma kwa kidole gumba, kikalia "tik".

Nakala ya mipangilio ya ruta ihifadhiwe kwenye flashi, na flashi ifungiwe kabatini. Mfukoni mwa fundi si mahali pake.

FANYA: Anwani zigawe mtu mmoja

Kila gesti ya Kahama ina chumba namba 5. Mzigo ulioandikwa "chumba namba 5" tu haufiki popote. Anwani zinazoanza na 192.168, zinazoanza na 10, na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31 ni namba za vyumba. Zinatumika ndani ya ofisi, na ofisi elfu nyingine zinazo hizo hizo. Hazitoki nje. Ruta inakaa mapokezi: inachukua pakiti ya chumbani, inaiandika anwani moja ya nje, inakumbuka nani kaituma, na jibu likirudi inampelekea mwenyewe. Tumefikishwa huko kwa sababu anwani za mfumo wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu, na dunia ina vifaa vingi kuliko hivyo.

Chagua kifaa kimoja kigawe namba za vyumba. Kimoja. Printa na seva zipe namba zisizobadilika, nje ya fungu linalogawiwa, na uziandike ukutani.

USIFANYE: Usichomeke ruta yako binafsi kwenye swichi ya ofisi

Hili limenipandisha pikipiki mara nyingi kuliko mengine yote.

Kituo kimoja cha afya, asubuhi ya Jumatatu. Dirisha la malipo limegoma, maabara wamegoma, ila kwa daktari kunafanya kazi. Foleni imetoka nje mpaka kwenye mwarobaini. Mama mmoja amembeba mtoto ana homa inayoonekana kwa macho. Ameshaonwa na daktari, ameandikiwa kipimo, na kipimo hakiendi bila malipo kuingia kwenye mfumo. Mhasibu anarudia sentensi ile ile: "Mama, mtandao unasumbua, vumilia." Ile kauli siipendi. Mtandao hausumbui wenyewe. Kuna mtu kausumbua.

Nikakaa kwenye kompyuta ya malipo, nikaandika ipconfig. Lango la kituo ni 192.168.10.1. Pale pameandikwa 192.168.0.1. Maana yake ndani ya jengo kuna mpiga debe wa pili, anawadaka abiria mlangoni na kuwapakia kwenye gari lisilo na injini. Nikafuata waya ukutani mpaka stoo ya dawa. Nyuma ya boksi la glavu, ruta ndogo nyeupe, ya moto, taa zote zinawaka kwa furaha. Kijana wa stoo alikuwa ameinunua mjini ili apate waifai ya simu yake, akaingiza waya kwenye tundu la ndani badala ya tundu la nje, nayo ikaanza kugawa anwani kwa jengo zima. Waliopata anwani kwake walipotea. Daktari alipona kwa sababu hakuwa amezima kompyuta yake tangu Ijumaa.

Nilichomoa. Dakika tatu baadaye foleni ikasogea. Kijana akasema hakujua. Sawa, hakujua. Sasa wewe umejua.

Ndugu yake na kosa hili ni kuchomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi moja. Mtu anafagia, anaona ncha imelala chini, anaihurumia, anaitafutia tundu. Swichi za bei rahisi hazijui kujikinga: pakiti moja ya tangazo kwa wote inazunguka na kuzaliana mpaka ofisi nzima inasimama. Ukikuta taa zote za swichi zinapepesa kwa pamoja kama disko, acha kila kitu utafute kitanzi.

FANYA: Nunua waya wa shaba, uupange kwa rangi

Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili hivyo hivyo. Usipange kwa hisia. Waya usizidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Kabla ya kulipa, kwangua unyuzi mmoja kwa wembe: ndani ukiwa mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba. Mrudishie muuzaji.

USIFANYE: Usivushe waya wa shaba kutoka jengo hadi jengo hewani

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani. Mnazaliwa mnaijua, mnazika watu kwa ajili yake, halafu mnatundika mita themanini za shaba kutoka ofisini hadi ghalani, mmezifunga kwenye mwembe. Niliukuta waya wa hivyo mwezi wa Novemba. Radi haikuupiga wenyewe. Ilipiga jirani, na hilo likatosha. Swichi ilikuwa imepasuka kama hindi la bisi, kompyuta nne hazikuwaka tena. Mlinzi aliyeegemea meza alirushwa. Yuko hai, na mkono wa kushoto bado unamfa ganzi.

Kati ya majengo tumia nyuzi za kioo, ambazo hazipitishi umeme, au redio mbili zinazotazamana, nguzo zikiwa na ethi ya kweli. Msumari wa inchi nne uliochomekwa kwenye vumbi la kiangazi si ethi.

FANYA: Weka njia mbili, uhakikishe ni mbili

Laini mbili za kampuni mbili zinaweza kuning'inia kwenye mnara mmoja, kwa jenereta moja, na zote zikashukia mkongo ule ule ambao greda la barabara litaukata kesho. Hizo ni rangi mbili za njia moja. Uliza. Anayekuuzia huduma akishindwa kukwambia mawasiliano yake yanatoka Ushetu yakipitia wapi, nenda kwa mwingine.

Wakubwa nao walifundishwa hili. Zamani Tanzania ilitegemea setilaiti zilizo kilomita karibu 36,000 juu, kwenda na kurudi karibu nusu sekunde, na simu za nje zilikuwa za kupokezana kimya. Mkongo wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam mwaka 2009, wa EASSy mwaka 2010, tukapumua. Mikongo miwili, wamiliki tofauti. Halafu tarehe 12 Mei 2024 yote miwili ikakatika kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, kwa sababu imelala kwenye bahari ile ile. Nchi nzima ikaanza kutambaa.

Kwa hiyo seva ambayo watumiaji wake wote wako Tanzania, iweke Tanzania. Kuna kituo cha kubadilishana mawasiliano Dar es Salaam, TIX, ambapo watoa huduma hupeana pakiti uso kwa uso. Kwenye kituo kama hicho, pakiti ya kutoka Kahama kwenda seva ya Dodoma haina sababu ya kupitia Ulaya. Na weka daftari la karatasi na risiti za mkono dirishani, ziwe tayari. Nimeona ofisi ikifunga milango saa nne asubuhi kwa kukosa kalamu.

USIFANYE: Usibadilishe ruta ya mbali bila njia ya kurudi

Hapa najisema mwenyewe. Usiku mmoja, nikiwa kitandani Kahama, niliingia kwenye ruta ya mteja mmoja wa machimboni, nikafuta mstari mmoja wa njia niliodhani hauna kazi. Ndio niliokuwa nimepitia. Skrini ikaganda, mimi nje, mteja gizani. Nilipanda basi la alfajiri kwenda kurudisha mstari mmoja.

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook walifanya la ukubwa wao. Amri moja ya matengenezo ilikata mtandao wao wa ndani, ruta zao zikaacha kuitangazia dunia njia za kufikia DNS yao, na kwa saa sita hivi Facebook, WhatsApp na Instagram hazikuonekana duniani. Wahandisi wao wakakwama pia, kwa kuwa zana zao za kurekebishia zilipita kwenye mtandao ule ule uliokufa.

Kabla ya kugusa, iagize ruta ijiwashe upya baada ya dakika kumi, na usihifadhi mabadiliko mpaka uone yamekubali. Ukijifungia nje, itarudi ilivyokuwa. Au mtu awe amesimama pale pale na laini nyingine ya simu.

FANYA: Badilisha nenosiri la kiwandani siku ile ile

Admin na admin, kila mwizi analijua. Mwaka 2016 programu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno duniani kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani. Katoro nimekuta kamera za duka la kununulia dhahabu zinaonekana kwenye intaneti bila nenosiri lolote: mizani, droo, na saa mwenye duka anapofunga.

USIFANYE: Usiache waya bila jina

Plasta nyeupe ya dawa inatosha, na kalamu ya wino usiofutika. Andika ncha zote mbili: unatoka wapi, unakwenda wapi, nani kauweka, tarehe gani. Nikija nikakuta nyaya ishirini za bluu zisizo na hata herufi moja, sitachomoa hata mmoja kubahatisha. Nitakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa, nisubiri mwenye kuzijua aje.