Visanamu vya Funguo: Tahadhari kwa Watoto Wadogo

Mtu akienda Tunduma hapendi kurudi Msangano mikono mitupu. Zawadi rahisi ni kile kisanamu cha plastiki kinachoning'inia kwenye pete ya funguo. Mtoto hana funguo, lakini tunampa hivyo hivyo. Mwezi huu tujifunze namna ya kukiondolea vyuma, na lini tusimpe kabisa.

Hatari iko wapi?

Kifaa hiki kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mzima. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutia kila kitu mdomoni, na pete au skrubu ndogo huweza kumpalia. Vyuma vya bei rahisi huweza pia kuwa na risasi, sumu inayodhuru ubongo. Mwaka 2006 huko Minnesota, Marekani, mtoto wa miaka 4 alifariki baada ya kumeza kipambo cha bangili kilichokuwa karibu chote risasi.

Kuondoa vyuma

1. Pete kubwa: penyeza ncha ya kisu kati ya mizunguko yake, kisha uizungushe mpaka itoke.

2. Kipete cha mnyororo: kishike kwa plaizi mbili. Sukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma. Usiipanue kwa kuvuta, maana huvunjika na kuruka.

3. Skrubu ya kichwani: izungushe kinyume cha mwendo wa saa. Ikigoma, chovya kichwa cha kisanamu katika maji ya moto ili plastiki ilainike. Usiikate, maana itabaki ncha kali.

4. Vuta kichwa, mikono na miguu. Kiungo kikichomoka, usimpe mtoto.

Fanya kazi hii watoto wakiwa mbali. Hesabu vyuma vyote na uvifungie kwenye kopo.

Kipimo

Kuondoa vyuma hakutoshi. Chukua bomba la ndani la karatasi ya chooni. Kisanamu kikipita humo, si cha mtoto wa chini ya miaka 3. Mpe kaka yake mkubwa, naye aonywe asikiache sakafuni.

Mtoto akipaliwa

Akiweza kukohoa, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe kichwa kikiwa chini, umpige mara 5 kati ya mabega kwa kiganja. Kisipotoka, mtoto wa chini ya mwaka 1 mlaze chali, umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Aliyezidi mwaka 1, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, uivute ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu, huku wengine wakitafuta usafiri. Usichokonoe kooni kwa kidole kama huoni kitu, maana utakisukuma ndani zaidi.

Visanamu vyenye taa vina betri ndogo kama ya saa. Ikikwama kooni huweza kuunguza ndani ya saa 2. Usimtapishe mtoto, wala usingoje kesho. Mpeleke hospitali mara moja.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Ni vitu gani vya kuchezea nyumbani kwetu vinapita katika bomba hilo?
2. Nani anabaki na mtoto tukienda shamba, na je, anajua la kufanya mtoto akipaliwa?