Kuweka Picha Fremu kwa Gharama Nafuu: Somo kutoka Tandale



Swali moja limejitokeza mara kadhaa katika barua za wafadhili wetu: kwa nini picha zinazochorwa na vijana wa Tandale huwafikia zikiwa zimeviringishwa kama mkeka, bila fremu? Kutoka kamati za parokia nako kumekuja swali linalofanana na hilo. Picha za Njia ya Msalaba zimeanza kuliwa na unyevu, na makadirio ya kuziwekea fremu yanazidi uwezo wa mfuko wa kamati. Tumeona tuyajibu yote mawili katika somo la robo hii.

Tuanze na tahadhari ndogo. Ukisimama barabarani Tandale ukasema unatafuta fremu, wengi watakuonyesha chumba cha duka cha kupanga. Sema "fremu ya picha", na uulize kwa mafundi seremala, ndipo mtaelewana.

Sanaa ya uchoraji iliyolitangaza jiji hili ilianza bila fremu kabisa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Vipande vingi vilikuwa vya mraba, kama sm 60 kwa sm 60. Hadibodi ni ngumu, hivyo picha ilijisimamia yenyewe. Mnunuzi aliitundika ukutani na kazi ikaisha. Baada ya kifo chake mwaka 1972 wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakasajili ushirika. Wateja wao wengi walikuwa wageni wanaosafiri kwa ndege, na wachoraji wakahamia kwenye kitambaa kinachoviringishwa na kuingia kwenye begi. Kitambaa hakijisimamii. Kuanzia hapo fremu ikawa gharama ya mtu fulani, na ubishi wa nani ailipe bado upo.

Jibu letu kwa wafadhili ni hili: fremu inunuliwe mahali picha itakapotundikwa. Fremu ya mbao huongeza uzito na ukubwa wa mzigo, huvunjika kona safarini, na mara nyingi usafirishaji wake hugharimu kuliko fremu yenyewe. Tunachoweza kufanya huku ni kuviringisha vizuri. Upande wenye rangi ukae nje, siyo ndani, na kitambaa kizungushwe kwenye bomba pana la plastiki, la inchi 4 au zaidi, kwa sababu rangi ya mafuta ikikauka huwa kavu kama ganda na ikikunjwa kwa kubana hupasuka. Mkipokea picha, ifungueni siku hiyo hiyo, muilaze mahali tambarare penye joto la kawaida. Isikae miezi ndani ya bomba ikisubiri Krismasi.

Sasa tuje kwa kamati, maana fremu za huku ndizo zenye hesabu.

Chukua picha ya sm 60 kwa sm 60 na mbao yenye upana wa sm 4. Ndani ya mbao fundi huchonga ngazi ya sm 1, na picha hukaa juu ya ngazi hiyo. Kwa hiyo kila upande wa fremu, ukipima kwa nje, ni 60 jumlisha 3 jumlisha 3, yaani sm 66. Mbao za dukani huwa na urefu wa futi 12, ambao ni karibu sm 366. Ubao mmoja unatoa vipande vitano vya sm 66, na kinachobaki kinatosha upotevu wa msumeno. Lakini fremu moja inahitaji vipande vinne tu. Ukiagiza fremu moja leo na nyingine mwezi ujao, kila safari kipande cha tano kinabaki karakana na kuishia jikoni kama kuni. Ukiagiza fremu tano kwa pamoja, unanunua mbao nne badala ya tano.

Kwa vituo 14 vya Njia ya Msalaba, vyenye ukubwa huo huo, vinahitajika vipande 56. Mbao 11 zinatoa 55, yaani pungufu ya kipande kimoja, kwa hiyo nunueni 12. Kamati inayoleta picha mbili mbili kadiri michango inavyoingia itanunua mbao 14, na italipia usafiri mara saba. Afadhali picha zisubiri kwenye kabati kavu hadi fedha itimie.

Eneo la pili la kuokoa ni kioo. Wengi hudhani picha bila kioo haijakamilika. Picha ya rangi ya mafuta, iwe kwenye hadibodi au kwenye kitambaa, haihitaji kioo. Inafutwa vumbi kwa kitambaa laini na kikavu. Kinachohitaji kioo ni karatasi, batiki na picha za kamera. Kituo cha Nyumba ya Sanaa, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, kilitoa kazi nyingi za karatasi zilizochapwa kwa bamba la chuma, na kazi za namna hiyo bila kioo haziwezi kudumu katika hewa ya pwani. Basi kioo kinunuliwe kwa ajili ya hizo tu. Kioo cha mm 3 chenye ukubwa wa sm 60 kwa sm 60 kina uzito wa karibu kilo 2.7. Vituo 14 vyenye vioo ni karibu kilo 38 za kioo zinazoning'inia kwenye kuta za kanisa, na kila fremu itahitaji mbao nene zaidi na msumari imara zaidi. Gharama ya kioo, kwa hiyo, haiishii kwa muuza vioo.

Pale kioo kinapohitajika, kisiguse karatasi. Wakati wa masika maji hujikusanya ndani ya kioo, karatasi hunata, na siku ya kuitoa hutoka na rangi yake. Fundi aweke vijiti vyembamba kati ya kioo na karatasi, au kadi nene iliyokatwa dirisha katikati.

Kuhusu mbao: msonobari unaotoka Mufindi, hususan shamba la Sao Hill, unatosha kabisa ilimradi umekauka na umetiwa dawa ya wadudu. Mninga ni mzuri zaidi, lakini kwa picha kubwa bei yake haina sababu. Kwa picha ndogo, za sm 30 hivi, inafaa kupanda daladala hadi Keko, Temeke, kwa watengeneza samani, na kuulizia mabaki ya mninga au mkongo. Vipande vifupi visivyotosha mguu wa kitanda vinatosha fremu. Ubao mbichi usikubaliwe hata kwa bei ya kutupa. Ukikauka baadaye husinyaa kwa upana, na kona zote nne hufunguka kwa ndani. Ulazeni ndani ya nyumba wiki mbili au tatu, vijiti vikiwa katikati ya ubao na ubao ili hewa ipite.

Fremu za plastiki zinazouzwa Kariakoo tusizidharau. Kwa cheti au picha ya ukubwa wa A4 ni nafuu kuliko kazi ya fundi yeyote, na hatuoni sababu ya kamati kujinyima. Tatizo ni pale mtu anapokata picha ili iingie kwenye fremu aliyoikuta. Tumeona batiki ya akina mama iliyokatwa pindo lote, pamoja na jina la aliyeitengeneza.

Tunalotaka kamati zilijadili kwa uzito ni ujira. Kamati inapotaka unafuu, jambo la kwanza huwa ni kumbana fundi. Karakana za Tandale ni ndogo, nyingine ni paa la bati na meza moja, na wenyewe hutengenezea fremu kila nyumba: Moyo Mtakatifu kwa huyu, maandishi ya Kurani kwa yule, picha ya harusi kwa wa tatu. Fundi aliyebanwa hatafanya kazi ya hasara. Atapunguza asichokiona mteja, yaani gundi kwenye kona, dawa kwenye mbao, msasa wa pili. Miaka miwili baadaye kamati inalipa tena. Tunashauri bei ya vifaa iandikwe mbali na ujira, vifaa vilipiwe mwanzoni, na ujira ulipwe siku kazi inapokabidhiwa, bila kuzungushwa. Fedha iokolewe kwenye vipimo, kwenye kuagiza kwa pamoja na kwenye kioo kisichohitajika. Ujira wa seremala ni chakula cha familia ya jirani yetu, na mfadhili anayesoma hapa hakutoa mchango wake ili huyo apunjwe.

Siku ya kupokea kazi, mjumbe aende na futikamba. Apime kila fremu kutoka kona hadi kona kwa mshazari, mara mbili. Vipimo viwili vikilingana, fremu iko mraba; kwa ile ya sm 66 kila kimoja kiwe karibu sm 93. Ageuze nyuma aone kama hadibodi imefungwa vizuri na kingo zimezibwa kwa karatasi ya gundi, maana vumbi na wadudu huingilia huko.

Mwisho ni ukuta. Maeneo ya bondeni, karibu na Mto Ng'ombe, kuta za matofali ya saruji hunyonya maji kutoka chini kipindi chote cha mvua. Picha isigusane na ukuta. Kateni vipande viwili vya kandambili iliyochakaa, vibandikwe nyuma ya fremu kwenye kona za chini, na hewa itapita. Gharama yake ni sifuri. Msitundike mkabala na dirisha la magharibi, kwani jua la alasiri hufifisha rangi.

Kazi ya kamati kabla ya kikao kijacho:

Orodhesheni picha zote za parokia, za vigango na za shule ya awali, pamoja na vipimo vyake. Zipangeni kwa ukubwa, kisha mkokotoe mbao za futi 12 zinazohitajika kwa kila kundi. Ziwekeeni alama zile zinazohitaji kioo kweli. Ombeni makadirio kwa mafundi wawili wa mtaani kwenu, vifaa na ujira vikiwa mbalimbali, na mtuletee nakala. Parokia mbili au tatu zilizo jirani zinaweza kuunganisha orodha zao, na ofisi yetu iko tayari kusaidia kuzipanga.